Meli, Mbeleko na Pampasi: Ziwa Nyasa kwa Familia Changa

Kuna maneno ambayo wanandoa wengi huambiwa mtoto wa kwanza akishazaliwa: "Haya, kutembea kwenu ndiyo kumekwisha." Wanaosema hivyo wala hawana nia mbaya. Wameona wenyewe jinsi mambo yanavyokwenda. Baba anaendelea na safari zake za kikazi na wikiendi na washkaji, mama anabaki nyumbani na chupa za maziwa, na likizo ya pamoja inasubiri "mtoto akikua". Mtoto anakua, anakuja wa pili, na wale watu wawili waliokuwa wakipanda basi la usiku kwenda popote wanageuka kuwa mabosi wawili wa kampuni moja ndogo iitwayo nyumba, wanaokutana kujadili bajeti tu.

Mwezi huu tunakupeleka mahali ambapo unaweza kuanza kuvunja mazoea hayo, tena kwa meli. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana meli zao za starehe zenye ghorofa kumi na zaidi, mabwawa ya kuogelea na chumba cha kulelea watoto. Sisi tuna Ziwa Nyasa, na kona yake ya kaskazini pale Kyela. Hakuna bwawa la kuogelea juu ya sitaha, lakini kuna Milima ya Livingstone inayoshuka moja kwa moja hadi majini, na kuna mtoto wako atakayeshika nguo yako kwa nguvu meli itakapopiga honi.

KUSHUKA KYELA

Kama unatoka Dar es Salaam, unaweza kuruka hadi uwanja wa ndege wa Songwe au kuja kwa basi hadi Mbeya. Kutoka Mbeya hadi Kyela ni kama kilomita 130 za lami, lakini usiidharau hiyo namba. Njia inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 kule Isongole, chini ya Mlima Rungwe, halafu inateremka kupitia Tukuyu, katikati ya migomba na mashamba ya chai, mpaka kwenye tambarare ya Kyela iliyo karibu mita 500 tu. Yaani asubuhi mtoto anahitaji sweta na soksi, saa nane mchana anahitaji singlendi peke yake. Weka nguo za aina zote mbili juu kabisa ya begi, siyo chini.

Mteremko huo huziba masikio. Mtu mzima anameza mate, mambo yanakwisha. Mtoto mchanga hajui hilo, anachojua ni kulia. Mpe ziwa au chupa gari linapoteremka, kule kumeza ndiko kunakofungua masikio. Pia simameni Tukuyu msinyooke moja kwa moja. Mtoto wa miaka miwili aliyekaa kwenye kiti saa tatu mfululizo atakudai saa hizo zote jioni, tena na riba.

Kyela yenyewe ni mji wa joto na unyevunyevu. Ukiingia sokoni utaelewa kwa nini jina lake linatajwa nchi nzima: mchele. Wali wa Kyela unanukia kabla sufuria halijafunuliwa, na kwa mama mwenye mtoto wa miezi minane ni zawadi, kwa sababu bwabwa lake ni laini na halihitaji makeke. Ongezea dagaa wa ziwani, wale wenyeji wanaowaita usipa, waliokaushwa na kusagwa unga, basi mtoto amepata chakula kamili. Wakubwa waagize mbasa, samaki wa heshima wa huku, pamoja na mbalaga, yaani ndizi za Kinyakyusa. Na msiondoke bila kuonja kakao mbichi. Wilaya hii ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kakao nchini, na ule ute mweupe unaozunguka mbegu ni mtamu ajabu. Ila kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mlambishe ute kidoleni. Mbegu inateleza na inaweza kumkaba.

Ukikutana na mama wa Kinyakyusa, msalimie "Ugonile". Akikubebea begi, mwambie "Ndaga". Mtoto wako atapokelewa na mikono mitano kabla hujamaliza kutamka.

MELI YENYEWE

Kwa miaka mingi watu wa mwambao huu walizijua meli mbili, MV Songea na MV Iringa, zilizokuwa zikiondoka bandari ya Itungi kuelekea Mbamba Bay. Mchanga ulipozidi kujaa Itungi, shughuli zilihamia zaidi bandari ya Kiwira, karibu na mahali mto wa jina hilo unapoingia ziwani. Ni mto uleule unaopita chini ya Daraja la Mungu kule Rungwe, kwa hiyo mkisimama pale njiani, mwonyesheni mtoto maji na mwambieni mtayakuta tena chini.

Mwaka 2021 ilianza kazi MV Mbeya II, meli iliyojengwa hapahapa nchini na kampuni ya Songoro Marine, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Vituo vya njia hii ya ziwani ni pamoja na Matema, Lumbila, Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Ratiba za ziwani hubadilika kutokana na matengenezo, mizigo na hali ya hewa, kwa hiyo ulizia bandarini wiki ya safari yenyewe. Usimwamini binamu aliyepanda mwaka juzi.

Sasa swali la msingi: mwende wapi? Ushauri wangu kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kwamba usiende hadi Mbamba Bay. Safari ile huchukua karibu mchana na usiku, na usiku wa melini na mtoto anayeanza kutembea siyo likizo, ni zamu ya ulinzi. Panda Kiwira, shuka Matema. Mtakuwa mmeonja meli, honi, upepo na milima, halafu mnalala kitandani. Kurudi, kuna barabara ya lami ya Matema, Ipinda hadi Kikusya, kama kilomita 39, inayokuunganisha na barabara kuu. Nani kasema lazima urudi kwa njia uliyojia?

MTOTO WA UMRI GANI?

Kampuni kubwa za meli za starehe duniani, Royal Caribbean kwa mfano, hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kukaa baharini siku nyingi mfululizo zinataka awe ametimiza miezi 12. Sababu yao ni rahisi: mtoto mdogo hubadilika haraka. Asubuhi mzima, jioni hoi, na katikati ya maji hospitali iko mbali. Sababu hiyo ina uzito uleule Ziwa Nyasa.

Utashangaa basi ukifika gatini. Utawaona akina mama wenye vichanga vya wiki tatu mgongoni, wamekaa juu ya magunia, hawana wasiwasi hata kidogo. Usije ukadhani hawajali. Chini ya Milima ya Livingstone kuna vijiji ambavyo ziwa ndiyo barabara yao. Kliniki, soko, msiba, kwenda kujifungua, vyote ni majini. Wao wanasafiri kwa sababu hawana namna. Wewe unasafiri kwa sababu umependa, na mwenye hiari ndiye mwenye wajibu wa kuchagua. Unaweza kusubiri mtoto atimize miezi 6, unaweza kuchagua mwezi wenye ziwa tulivu, unaweza hata kugeuza gari ukarudi. Yule mama hawezi.

Kuhusu mwezi, epuka Machi hadi Mei, Kyela hupata mvua kubwa na mafuriko siyo habari ngeni. Juni hadi Agosti ni kiangazi kizuri, lakini upepo wa kusini huvuma kwa urefu wote wa ziwa, na ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo mawimbi yanafika Matema yakiwa yameshiba. Mimi napenda Septemba na Oktoba. Joto lipo, lakini ziwa mara nyingi linakuwa na adabu zaidi.

MAJI HAYANA UTANI

Tuseme ukweli, Watanzania tuna kumbukumbu chungu za meli. MV Bukoba Mei 1996, MV Spice Islander Septemba 2011, MV Nyerere Septemba 2018. Ziwa Nyasa nalo lina yake: tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika dhoruba karibu na Chilumba, upande ambao leo ni Malawi, na watu 145 walipoteza maisha. Siandiki haya kukutisha. Nayaandika kwa sababu mtoto hawezi kuuliza maswali, kwa hiyo lazima mzazi aulize.

Swali la kwanza: kuna jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto? Jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni hatari, akiingia majini linapanda juu na yeye anachomoka chini. Majaketi ya watoto hupangwa kwa uzito, na zuri lina mkanda unaopita katikati ya miguu na kola ya kuinua kichwa. Kama una uwezo, nunua lako mjini kabisa, mjaribishe mtoto nyumbani, mwache acheze nalo sebuleni mpaka alizoee.

Swali la pili: watu na mizigo vimezidi? Huhitaji kuwa nahodha. Kama huoni pa kukanyaga kwenda mlangoni, jibu unalo. Shukeni. Nauli ni hela, hela hutafutwa.

Swali la tatu: tutakaa wapi? Katikati ya meli na karibu na usawa wa maji ndipo panapoyumba kidogo. Habari njema ni kwamba watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafuka na mawimbi. Wanaoteseka ni wakubwa, kwa hiyo baba anayejigamba ndiye atakayeinama kwenye ndoo. Tangawizi, biskuti kavu na kutazama upeo wa ziwa husaidia. Usimpe mtoto dawa ya kichefuchefu bila daktari kusema.

Na kwenye sitaha sheria ni moja: mtoto anayetembea yuko mkononi, au yuko mgongoni. Kigari chenye magurudumu kiacheni nyumbani, kwenye ngazi za meli na mchanga wa Matema ni mzigo mtupu. Mbeleko ndiyo mpango mzima.

BABA NA MBELEKO

Hapa ndipo safari inapokuwa ya watu wawili au ya mmoja. Katika safari yetu tulikubaliana mapema: zamu za saa mbili mbili. Zamu ya baba ni ya baba kikweli, siyo ile ya "mama, mtoto analia huku". Ilipofika zamu yake gatini, mwenzangu alijifunga kanga, akamweka mtoto wa miezi kumi na moja mgongoni. Wamama wa bandarini walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akaja kumrekebishia fundo maana lilikuwa limekaa vibaya, akamwambia, "Tata, sasa umeweza." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nakunywa soda baridi, mikono yote miwili mitupu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Dada yangu, hiyo soda sitaisahau.

Kuna jambo jingine tulilokubaliana, na naomba mlichukue hili hata kama mtasahau mengine yote. Kwenye maji, "hapana" ya mmoja inatosha. Hakuna kura, hakuna kubembelezana, hakuna "acha uoga". Anayesema hapana hadaiwi maelezo.

Sheria hii ni rahisi kuitamka sebuleni. Asubuhi ya pili pale Matema ilitugharimu. Tulikuwa tumepanga mtumbwi wa injini kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambao wanawake wake ni mafundi wa vyungu wanaofahamika mwambao wote huu. Mwenzangu alikuwa ameshatoa advansi, kamera iko shingoni, mtoto mkubwa wa miaka mitatu ameshavaa jaketi na anaimba. Nikatazama ziwa. Mistari myeupe ilikuwa imeanza kuonekana kwa mbali. Nikasema hapana.

Kwa saa nzima hakunisemesha. Mtoto mkubwa alilia. Abiria wengine walipanda mtumbwi uleule, wakaenda, na jioni walirudi salama, wamelowa na wanacheka. Hakuna kilichotokea. Mwenzangu aliwatazama wakishuka, akanitazama, akasema tu, "Ulisema hapana, yakaisha." Sijui kama ningepata zawadi kubwa zaidi ya hiyo katika likizo nzima. Kuwa sahihi ni rahisi ziwa likichafuka. Kuheshimiana ziwa lisipochafuka ndiyo ndoa yenyewe.

Vyungu tulivipata bila mtumbwi. Jumamosi kuna soko pale Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, na vyungu hufika hapo. Mtoto mkubwa alichagua kidogo kuliko vyote, akakibeba mwenyewe mpaka hotelini kama yai.

MBU, KICHOCHO NA MAMBA

Kyela ina malaria, hakuna kuficha. Beba chandarua chenye dawa cha kwenu wenyewe, hata hoteli ikisema ipo. Kuanzia jioni mtoto avae mikono mirefu na soksi. Muone daktari kabla ya safari kuhusu kinga inayomfaa kwa umri na uzito wake. Na mkisharudi nyumbani msijisahau: homa ya malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, kwa hiyo mtoto akipata joto baada ya safari, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo na mwambieni daktari mlikuwa Kyela. Matema yenyewe ina hospitali ya Kilutheri, na Kyela mjini kuna hospitali ya wilaya. Jueni zilipo kabla hamjazihitaji.

Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho, na mtoto atataka kuingia. Lakini Ziwa Nyasa lina kichocho. Mbali na matete na maji yaliyotuama hatari hupungua, haiishi. Kwa mtoto mdogo, ndoo au beseni ufukweni lenye maji yaliyochemshwa na kupozwa ni bahari tosha, niamini. Wakubwa mliooga ziwani, mkapime baada ya kama miezi miwili, tiba yake ni ya vidonge na ni nyepesi. Karibu na midomo ya mito, kama Kiwira na Mbaka, usiweke hata mguu. Mamba hawaendi likizo.

Ukiona moshi mweusi umesimama juu ya maji kwa mbali, usiogope, siyo moto. Ni mabilioni ya wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa pamoja. Wenyeji huwakusanya na kuwafinyanga kuwa mkate wa kukaanga. Yakija upande wenu, funika uso wa mtoto kwa kanga nyepesi mpaka wapite.

BEGI LA MTOTO

Pampasi za siku tatu zaidi ya mnavyodhani, na mfuko wa kubebea zilizotumika, maana ziwa siyo jalala. Kadi ya kliniki. Parasetamo ya maji na kijiko chake. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuhara. Chupa ya chai yenye maji ya moto na maji ya chupa ya kunywa. Kofia, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayesafiri kwa lazima, kivuli muda wote badala ya mafuta ya jua. Tochi. Kanga nne: ya kubebea, ya kufunika, ya kukalia na ya akiba. Anayenyonya aendelee kunyonya, hicho ndicho chakula salama kuliko vyote melini na hakihitaji jiko.

Mama mkwe atasema mnamtesa mtoto. Msibishane naye. Mwonyesheni kadi ya kliniki, mwambieni mtapiga simu kila jioni, halafu pigeni kweli. Na kama mtoto ana wiki chache tu, msikilizeni, maana hapo yeye ndiye mwenye haki.

HADITHI YA KUMPA MTOTO

Jioni Matema hakuna disko. Kuna giza zuri, taa za wavuvi wa dagaa zilizopangika ziwani kama mji mwingine, na muda wa hadithi. Mwambieni mkubwa kuhusu manahodha wawili wa zamani, Mwingereza na Mjerumani, waliokuwa marafiki wa kunywa pamoja katika ziwa hili. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Mwingereza Rhoades alipata habari mapema. Agosti 1914 alikwenda na meli yake, Gwendolen, hadi Liuli, akaipiga kwa mzinga Hermann von Wissmann, meli ya rafiki yake Berndt iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Berndt, ambaye hakuwa na habari ya vita, alipanda mtumbwi akaja kumuuliza mwenzake kama amelewa.

Watoto hucheka sana hapo. Wakishalala, ninyi wawili mtabaki na hiyo hadithi ya marafiki ambao mmoja alijua na mwingine hakuambiwa. Ongeeni. Chandarua kimeshushwa, simu haina mtandao mzuri, na kesho zamu ya asubuhi ni ya baba.